Feni Ikae Juu au Chini

Baba Yoelvis,

Arepa nimezifunika, maharage yapashe moto. Nimeenda kwa dada. Na hilo vumbi lako la mbao lifagie, sebule si karakana!

Asubuhi ulikuwa unatoboa matundu ya hewa kwenye kasha la gemu ya mwanao, eti joto la Maracaibo lisije likaiunguza kabla hajarudi. Akapiga simu kutoka Chile. Ukapaza sauti, "Muulize, feni ikae juu au chini?" Nikakujibu, chini.

~~Ndivyo alivyosema.~~

Sikumuuliza. Alikuwa ameshaniambia, "Mama, hiyo gemu mpeni Deivis wa jirani. Mimi huko sirudi tena."

Nawe ulikuwa unapiga mluzi, mume wangu. Nikashindwa.

Feni iweke unapotaka.

Mama Yoelvis