Kitovu Kilichokatwa Kifupi

Mpendwa dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta Ulemo ukiwa mzima. Naiandika chumbani kwangu, si ofisini, maana hapa Singida sijui tena nani anasoma nini.

Unakumbuka makongoro ya ng'ombe aliyokuwa akichemsha mama? Ulinipa kano, ukacheka nilivyohangaika nayo. "Tafuna, bwana mdogo! Au meno ya shule hayafanyi kazi?" Leo nalipwa mshahara kwa ajili ya kano hizo hizo. Bwana Daktari ninayemchapia karatasi zake amemaliza ujana wake akizichunguza. Alianza huko kwao kwa wazungu na kano za mikia ya panya, wenzake wakamcheka. Baadaye alitibu majeruhi wa vita walioungua, akataka kujua ngozi hushikana vipi tena. Aliniambia mwili umejengwa kwa vijumba vidogo mno, na swali la maisha yake ni moja: mbona havimwagiki kama uwele? Akanionyesha kwenye hadubini nyuzi na ute vinavyovishika pamoja. Siku hiyo nilimwamini, dada.

Kisha akaacha kano za machinjioni, akaanza kutaka vitovu vya watoto wachanga. Eti ute wake ni mwingi na safi. Nikajiuliza, kwao wanawake hawajifungui? Sokoni nako wakaanza: "Karani wa mumiani huyo! Shikeni watoto!" Nilicheka nao, nikaharakisha hatua.

Halafu ukajifungua wewe. Nilikuwa nje ya wodi, nikimsikia mkunga akiita dawa na mama akiita jina lako. Damu ilipozuiwa ukapata nafuu, nikaruhusiwa kuingia. Mama alikuwa ameomba kondo ya nyuma akaizike nyumbani, kama alivyozika zetu. Akafunua kitambaa. Kitovu kilichobaki kilikuwa kifupi kama kidole.

"Kipande kingine kiko wapi?" akauliza.

Mkunga akasema hajui. Nyote mkanitazama mimi.

"Mdogo wangu," ulisema, "umempa mzungu wako mwanangu?"

Sikumpa, dada. Lakini siwezi kukuapia kwamba hakuchukua. Kesho yake nilimwuliza Bwana Daktari. Aliziangalia chupa zake, ambazo zina namba tu, hazina majina. "Sijui, Karani. Kikishaingia kwenye chupa, hakina mwenyewe tena." Alisema kwa upole, kama mwalimu anayerudia somo. Upole ule unanitisha mpaka leo. Tangu hapo namchunguza yeye kama anavyochunguza ute. Akifunga kabati, naangalia ufunguo anauweka wapi. Mkunga akimsalimu, nasikiliza kama ndani ya salamu hakuna neno jingine. Wewe ulirudi Ulemo bila kuniaga, na sikukulaumu. Ningekuwa wewe, nami ningemshuku mdogo wangu.

Sasa nasikia u mjamzito tena, na umesema utazalia nyumbani, hospitali hukanyagi. Dada, naogopa. Namshuku Bwana, namshuku mkunga, lakini ile damu siishuku. Niliiona kwenye shuka lako, niliiona mpaka kwenye viatu vya mkunga. Huko Ulemo nani ataizuia?

Nimezungumza na mama. Ataingia wodini pamoja nawe, na kondo itatoka mikononi mwa mkunga moja kwa moja mpaka mikononi mwake, kitovu kikiwa kizima. Mkunga amekubali, ingawa alinikata jicho. "Karani siku hizi umekuwa polisi?" Nikamwambia aniite atakavyo. Bwana Daktari nimemwambia mwenyewe kwamba cha mtoto wako asikiguse. Aliendelea kufuta miwani yake, akaifuta tena ilipokuwa imeshatakata, na sijui kama mwezi ujao bado nitakuwa na kazi.

Mwambie shemeji akulete mapema, kabla uchungu haujaanza. Siku utakayofika nitakuwa nimesimama mlangoni pa wodi, na sitaondoka hapo mpaka mama atoke na alichopewa. Kama bado unaniona mwizi, nipite kimya, usinitazame.

Lakini ingia.

Ni mimi,
mdogo wako