Mkono wa Chuma na Bega Lako

Gothenburg, Uswidi
Novemba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku, ambayo hata Julai ya Ufipa haikunizoesha. Natumaini kifua cha Mama kimetulia na mmekwisha kuyatawanya matuta ya mboji katika shamba la ulezi kabla mvua haijashika.

Barua uliyomwandikisha dada Agneta imenifikia. Umeuliza jambo moja tu: “Huo mkanda wa kubebea magunia anaoutaka meneja wa ghala letu, utatuondoa?” Nimeisoma mara nyingi, kwa kuwa meneja huyo huyo ameniandikia mimi, mhandisi wa kwanza kutoka mtaa wetu wa Katandala, nimpe maoni. Basi ninyi wachukuzi kumi na wawili mmewekwa mikononi mwa mwanao.

Kabla ya kukujibu, nikueleze niliyoyaona. Katika ghala la kahawa ninakojifunza kazi upo mkono wa chuma unaojiendesha wenyewe. Gunia hufika juu ya mkanda. Mkono hulikamata, hugeuka, hulilaza juu ya wenzake kona kwa kona, bila kuomba tumbaku. Siku ya kwanza nilisahau kula. Nilitaka kujua unatambuaje gunia lilipo. Kumbe hautambui: umepangiwa mahali, nao huenda hapo, gunia liwepo lisiwepo.

Anayeutunza ni mzee aitwaye Lars, zamani mchukuzi kama wewe. Nilimwambia kwamba mashine ni ukombozi wa mnyonge.

“Mgongo wangu umekombolewa, kijana,” akasema. “Wenzangu nao wamekombolewa. Wako nyumbani.”

Nilibishana naye juma zima, unanifahamu. Nikasema kosa si la mashine bali la mwenye mashine, na kwetu ghala ni mali ya umma.

“Vema. Na huko kwenu, ni nani atakayemwambia mchukuzi abaki nyumbani?”

Barua ya meneja ilikuwa mfukoni mwangu.

Siku chache baadaye mkanda ulikwama. Mkono ukaendelea kupanga hewa kwa utii mkubwa, mpaka Lars alipouzima, nasi tukabeba kwa mabega. Gunia langu la tatu lilikuwa la baridi, tena limelalia upande mmoja. Nikalishusha.

“Hili lina maji.”

“Mizani imelipitisha,” akasema Lars.

“Mizani hupenda maji. Yanaongeza uzito.”

Tulipolichoma bambo, kile chuma chenye mfereji mnachotolea punje, kahawa ilitoka na ukungu. Akaniuliza ni chuo gani kinachofundisha hayo. Nikamjibu kwamba ni kwa baba yangu, ambaye hutofautisha gunia la kijiji cha Milepa na la kijiji cha Ilemba akiwa amefumba macho.

Sasa jibu lako. Ndiyo, Baba, mkanda ukija utawaondoa. Wa kubeba hawatazidi wanne. Kukuficha kungekuwa kukudharau. Lakini katika maoni yangu nimeandika kwamba mkanda usiwekwe bila watu wa kulikagua kila gunia kabla halijapanda, na kwamba wakaguzi hao wawe ninyi wanane mtakaobaki, kwa ajira ya kudumu, si kwa kibarua.

Meneja atauliza: bega hujuaje? Hapo kalamu yangu imesimama, maana mimi najua baridi tu. Gunia lenye wadudu hukaaje begani? Lililotiwa mchanga je? Kaa na wenzako mbishane, Agneta aandike kila neno, hata pale mnapopingana.

Nisalimie Mama, Agneta mwandishi wetu, na shemeji, mumewe, huko barabarani na lori lake. Mzee Sebastiani, mwenzako wa zamu, aliyesema shule imenilegeza, mwambie nilibeba hadi jioni. Usimwambie kwamba kesho yake sikuweza kuinua kijiko.

Maoni yangu yako mezani, hayana saini. Katikati ya ukurasa nimeacha nafasi ya maneno yenu.

Mwanao akupendaye,
Deo