Meza ya Kioo, Mafuta ya Taa na Taa ya Kucha

Mpendwa Mama Dorcus, naomba unisaidie, ingawa mimi si mtu wa kuomba, uliza mtu yeyote hapa Kimulot atakuambia arap Sang alikaa na mashine za kiwanda cha majani chai mpaka akastaafu na hakuna chuma ilimshinda, hata mainjinia walikuwa wananiita mimi kwanza, lakini leo nimechoka, Mama, nimechoka kabisa, na kitu imenichosha ni kundi.

Iko hivi. Tuko na meza ya kioo, kioo safi unaona mpaka chini, ililetwa na Winny, bibi ya kijana wangu Kipkemoi, alimletea mama ya Kipkemoi, ndiye mke wangu, kwa sababu magoti yake imeisha kwa kuchuma majani na meza yetu ya mbao ilikuwa chini sana. Miguu ni ya chuma, na kila mguu kwa juu iko na kisahani ya chuma imeshikwa kwa kioo na kundi, hakuna msumari, na mimi siku ya kwanza nilisema hii si kazi, lakini nani anasikia mzee. Basi mvua ilipoanza mguu moja ikatoka. Nikasema hiyo ni kitu kidogo, nikapangusa kioo na mafuta ya taa mpaka ikang'aa kama jicho ya ndama, nikaweka kundi ya matone ile inashika haraka, ikashika, asubuhi ikatoka. Nikapangusa tena na mafuta ya taa, nikaweka kundi ya viatu, hiyo ikakaa mpaka Jumapili. Nikapangusa tena, nikaweka zote mbili pamoja, hiyo ni akili yangu mwenyewe, hakuna mtu alinifundisha.

Sasa nikamwita mama ya Kipkemoi, nikamwambia kaa, kunywa chai, na ukitaka kusimama egemea hapa, hata ng'ombe inaweza kulala juu yake. Akaangalia meza, akaniangalia mimi, akauliza kama niko na uhakika, nikamwambia unauliza nani. Akaegemea. Kioo ikalala upande moja na yeye pamoja nayo, chai moto ikamwagikia paja yake, na kibuyu ya mursik, maziwa yetu ya kulala, ile alipewa na mama yake ikapasuka. Kioo haikuvunjika, namshukuru Mungu. Tukampaka dawa. Jioni akachukua kiti yake akapeleka jikoni akasema tu, "Baba Kipkemoi, kaa na meza yako. Mimi nitakunywa chai yangu karibu na moto. Moto haijawahi kunidanganya."

Tangu hiyo siku anakula huko. Mimi nakaa kwa nyumba kubwa na redio, ukungu ya msitu wa Mau inaingia mpaka mlangoni, na nikisema kitu hakuna mtu wa kuniambia hiyo ni uongo.

Winny akakuja akasema, "Baba, kuna kundi inakauka na mwanga. Wacha nilete taa yangu ya kucha." Yeye ako na duka ya kupaka wanawake rangi ya kucha huko Mogogosiek, na hiyo taa ndiyo inakausha rangi. Mimi mtu wa boila nisaidiwe na taa ya kucha, watu wa kituo cha kupima majani wasikie? Tena kwa desturi yetu baba mkwe hawezi kuinama chini ya meza moja na bibi ya kijana wake. Nikamwambia arudi kwa kucha zake, si kwa ubaya. Kipkemoi sasa hapokei simu yangu.

Mama Dorcus, usinifundishe mambo ya ndoa, hiyo nimekaa nayo kukushinda. Niambie tu kundi yenye nguvu kushinda zote, nibandike hii chuma, huyu mama arudi.

Ni mimi arap Sang, Kimulot.

*

Mzee arap Sang, chamgei.

Niliposoma kwamba umechoshwa na "kundi", nilidhani mmekosana katika chama cha wazee. Ni mpaka nilipofika kwa miguu ya chuma ndipo nikajua ni gundi. Neno lako nimeliacha lilivyo.

Tuanze na chuma, maana ndiyo unayotaka kusikia. Gundi zote umezionea bure. Wewe ulipaka mafuta. Mafuta ya taa yanang'arisha kioo na kuacha utelezi juu yake, na hakuna gundi inayoshika utelezi. Mtu wa mashine anajua hilo, sijui ulilisahau wapi. Halafu gundi ya matone hukatika upesi penye unyevu na vikombe moto, na kwenu kuna nini kingine? Ya viatu ni ya viatu. Na ile akili ya kuzichanganya, mzee wangu, iache.

Winny alikuambia kweli. Gundi ya mwanga ndiyo hutumika kwa kioo na chuma, waulize mafundi wa vioo mjini. Hubaki majimaji mpaka imulikwe na mwanga kama wa jua kali, na kwa jua la Kimulot msimu huu utangoja mpaka Krismasi. Taa ya kucha hutoa mwanga huo, na kwa kuwa kioo chenu ni safi, utapita. Kingekuwa cheusi ningekutuma utafute gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya. Kwangua uchafu wote wa zamani kwa wembe, sugua kisahani cha chuma kwa msasa, pangusa pande zote mbili kwa spiriti, na usiguse tena hata kwa kidole. Paka kidogo, gandamiza, taa ikae juu ya kioo kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Msiikodolee macho. Kisha kagua ile miguu mingine, nayo ni ya umri huo huo.

Desturi sikuambii uivunje. Winny atawasha taa, Kipkemoi atainama nawe. Watu wa kituo cha majani wacha wacheke, wao hawanywi chai peke yao.

Sasa sikia ambacho hukuuliza. Mkeo aliona meza ni mbovu. Alikuuliza, ukamjibu "unauliza nani", akaliamini neno lako kuliko macho yake, akaungua. Na katika barua nzima umemshukuru Mungu kwa ajili ya kioo. Kwa paja la mkeo sikuona hata mstari.

Hata gundi ikishika, asiegemee meza hiyo tena maisha yake. Kioo si mkongojo. Mtafutie kiti kirefu chenye mikono, kile cha mbao ngumu, ajiinue nacho.

Lakini kabla ya wembe na spiriti, beba kiti chako mwenyewe uende jikoni. Ukae karibu na moto. Mwambie pole ya paja, na pole ya kibuyu cha mama yake. Meza usiitaje. Akikupa kikombe, kunywa, halafu umwombe simu yake umpigie Kipkemoi aje na Winny, kwa maana yako haipokelewi.

Uliandika herufi moja vibaya, arap Sang, na mimi naona uliandika sawa. Gundi iko dukani. Kundi lako liko jikoni, linakunywa chai bila wewe.