Madereva Wamevuka, Utafiti Umebaki Nusu

Mama Restuta, shikamoo. Nakuandikia kutoka Tunduma, naomba uniokoe kabla sijaharibu kabisa. Mimi ni daktari, nataka kwenda kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani na maombi yanafungwa mwezi huu, sasa rafiki yangu Danford niliyesoma naye udaktari aliniambia tangu mwaka jana kwamba bila utafiti uliochapishwa nisijisumbue, wenzangu wana machapisho chungu nzima, basi nikaanza utafiti wa presha kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kila nikipata upenyo niko kwenye foleni ya malori na kipimo changu, zamu za wodini nawaachia wenzangu, mpaka mganga mfawidhi wetu, Dkt. Anania, ambaye ndiye anatakiwa kuniandikia barua ya udhamini, akanisimamisha koridoni akasema, "Nitaandika nini, Marita, wakati sikuoni?" Na Mama, kila dereva nilitakiwa nimpime tena baada ya wiki mbili, lakini hati za forodha zikitoka foleni inasogea, wanavuka, saa hizi wako Kitwe, wako Lubumbashi, karibu wote nimewapoteza, Danford anasema vile vipimo vya pili nijaze kwa kukadiria tu, eti kila mtu anafanya hivyo, na jana nimejaza mistari michache. Kuna mzee mmoja, Yesaya, presha yake ilikuwa mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini na kichwa kinamgonga, nilitaka kumpeleka hospitali lakini mtu akianza dawa anatoka kwenye utafiti, nikamwambia apumzike, asubuhi nikakuta ameshavuka, huyo naye nimjazie ngapi? Niambie, utafiti una uzito gani hasa?

Daktari Marita, Tunduma

Marhaba, Marita. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika zaidi.

Swali lako kwanza. Nimempigia binti wa dada yangu, bingwa wa magonjwa hayo hayo, amewahi kukaa upande wa wanaosaili. Anasema utafiti unasaidia, hasa waombaji wawili wakilingana, na mmoja mdogo ulioufanya mwenyewe na unaoweza kuueleza unatosha. Lakini yeye kwanza huangalia kama unajua kukaa na mgonjwa, na hilo hulisoma kwenye barua ya mkuu wako. Yaani kinachotangulia ndicho ulichokitelekeza, tena kwa maneno ya Danford.

Halafu hivi, unaishi Tunduma, unalala unasikia honi za malori, na bado ukapanga kumpima dereva wa Kongo leo na tena baada ya wiki mbili? Ulidhani atakusubiri? Ungepima mara moja tu ungekuwa umeshamaliza. Na bado unaweza. Chukua vipimo vya kwanza, sema wazi kwamba ni vya mara moja, andika hivyo. Ile mistari ya kutunga ifute leo. Danford akisema kila mtu anafanya, muache afanye kwa jina lake.

Kwa Dkt. Anania usiende na maelezo marefu. Muombe radhi, muombe zamu, ingia wodini ukae. Barua ikikosekana mwaka huu utaomba mwakani. Inauma, najua, nakuonea huruma, lakini utaomba mwakani.

Kilichoninyima usingizi ni huyo mzee uliyemtaja mwishoni kama mtu wa kupitia tu. Ana presha hiyo, kichwa kinamgonga, anarudi kwenye usukani, na daktari aliyempima hampi dawa ili hesabu zisiharibike. Sasa huo ubingwa unautaka wa nini, mwanangu? Huyo ndiye mgonjwa wa magonjwa ya ndani. Ulimfuata mwenyewe mpaka kwenye lori lake, ukamuona, ukamuacha.

Namba yake ya simu lazima unayo, ungemfuatiliaje bila namba? Weka gazeti chini umpigie. Akipokea, habari za kipimo cha pili usizitaje. Mwambie aegeshe lori aende hospitali ya karibu, na usikate simu mpaka akuambie ni ipi. Akipokea mke wake, mwambie wewe ni daktari uliyempima mumewe, mwambie ulipata ngapi, kisha nyamaza umsikilize.