Viatu vya Mama Theresia

Alhamisi, 14 Juni 2001

Mama Theresia,

Leo viatu vyako karibu vinitie wazimu. Vile vyeusi vya Krismasi nilimwazima Restituta, yatima wa Lituhi anayejifunza kompyuta darasani kwetu parokiani. Alikuwa na usaili kwa wanunuzi wapya wa kahawa, na hana viatu.

Saa tisa akarudi peku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Viatu vya mke wangu viko wapi?"

Akajishika mdomo. Alivivua mlangoni pa ofisi ya wanunuzi, kama ninavyowafundisha, vumbi lisiingie kwenye kompyuta. Wenzake wa usaili wakamcheka. Bosi akauliza, "Binti, hapa msikitini?"

"Hapana, mzee. Nimeona kompyuta."

Bosi akatazama buti zake zilizojaa vumbi, naye akazivua. Kidole gumba kikachungulia kwenye soksi.

"Kazi nimepata, Mwalimu! Nimekimbia kukuambia, viatu nikasahau."

Tukavifuata. Vilikuwa palepale, kando ya buti za bosi.

Nilitaka kuvirudisha sandukuni, nikashindwa. Jumatatu vinaanza kazi.

Unikumbuke huko mbinguni uliko. Mimi nimebaki na kandambili zako.