Kanga Bado Wanakufuata

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nisipokuamkia utanisema hata huko uliko.

Hapa kijijini kwetu, hii Ulaya yetu ya karibu na Mikumi, mvua zimekatika na mizabibu yako imebeba, isipokuwa mstari mmoja. Huo nitaufikia. Kwanza habari za kanga.

Wale ndege uliowafuga ili wadonoe wadudu, dawa isiguse shamba lako, bado wanatoka kila asubuhi saa ile ile yako. Wanapanga foleni wenyewe. Wanakwenda mwendo wako wa mguu mbovu, wanasimama kwenye nguzo ya tatu ulipokuwa ukipumzika, ndipo wanaendelea. Na mbele yao wanaacha nafasi, Baba. Ya mtu mmoja. Hakuna anayeikanyaga. Mimi nafuata nyuma, na sithubutu kuwapita.

Sasa niungame. Baada ya arobaini yako magugu yalinizidi. Kaka Daudi akaja kutoka Mikumi na dawa ya kuyaua, akasema, "Baba alikuwa na nguvu zake. Wewe peke yako utaweza?" Nilikuwa nimechoka. Nikabeba bomba la dawa mgongoni mwenyewe, nikaupulizia mstari wa juu, ule ulioupanda na Mama. Mara ngapi ulituambia, "Udongo nao unakula, msiulishe sumu"? Nikaulisha.

Kesho yake kanga walifika mwanzo wa mstari ule wakagoma. Wakanigeukia wote, kimya. Kanga, Baba, na kelele zao zile, kimya! Ikawa hivyo kila siku. Nililia pale pale, sikujali nani ananiona.

Nikamrudishia Daudi dawa yake, akanuna. Nikang'oa magugu kwa jembe, nikamwaga samadi ya mbuzi, nikapanda kunde katikati ya mizabibu kama ulivyonifundisha. Nikangoja.

Leo kunde zimetoa maua. Kanga walifika, wakasimama. Hapakuwa na upepo. Kunde za mwanzo zikalala, zikafuata za mbele yake, hatua kwa hatua, upande mmoja zikiburutwa kama kwa mguu mbovu. Ndipo kanga wakaingia.

Haya Baba, kwaheri. Nakuapia, sumu haitaingia tena humu nikiwa hai. Nawe ukichoka kuzunguka, pumzika, usituonee huruma. Siku hiyo nitaijua tu. Kanga watanisubiri mimi.

Binti yako,
Rehema