Kilima cha Shule ya Lauvneset

KITUO CHA POLISI LAUVNESET
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ragnhild Tveiterås. Umri: miaka 46. Kazi: mhandisi wa ujenzi, mpangaji wa viwanja. Makazi: Kirkebakken 12, Lauvneset. Tarehe: 14 Novemba 2019, saa 4:00 asubuhi.

Nimeambiwa kwamba silazimiki kusema jambo linaloweza kunitia hatiani. Nimeelewa, na nitasema.

Mimi ndiye niliyechora mpango wa kiwanja cha shule mpya ya msingi: majengo yakae wapi, barabara ipite wapi, maji ya mvua na theluji yateremkie wapi. Jengo lenyewe nililiweka juu ya mwamba, na halina kasoro hadi leo. Upande wa chini, kuelekea kijito, ni udongo wa mfinyanzi. Huku kwetu kila mtu anaujua udongo huo: ukiachwa umetulia hubeba nyumba miaka mia, ukielemewa hugeuka uji. Kwa hiyo niliagiza yachorongwe mashimo tisa ya kuupima. Yalichorongwa manane. La tisa lilikuwa ukingoni mwa mteremko, na mtambo ulizama kwenye tope kabla ya kufika. Niliandika kwenye ripoti: "Litachorongwa ardhi ikikauka."

Mnamo tarehe 18 Juni 2019, saa 7:00 mchana, tulikutana kwenye kibanda cha ofisi pale kiwanjani. Mpango wangu ulitaka udongo uliochimbwa usombwe hadi machimbo ya zamani, kilomita kumi na moja. Mkuu wa ujenzi, Kjetil Rønnestad, alisema, "Tuusombe hadi kule, halafu tusombe mwingine kuja kuwatengenezea watoto kilima cha kutelezea theluji? Ragnhild, hata kuku watatucheka."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nikachukua kalamu, nikachora kilima ukingoni mwa mteremko, nikatia sahihi. Hakuna aliyenilazimisha. Shimo la tisa nililikumbuka nikiwa ndani ya gari, narudi nyumbani. Nikajiambia nitapiga simu kesho. Sikupiga.

Mnamo Ijumaa tarehe 8 Novemba, saa 2:10 asubuhi, nilipigiwa simu na Håvard Skjelbred, dereva wa katapila, miaka 58. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano mfululizo.

Alisema, "Mhandisi, vaa mabuti uje. Kilima chako kimepasuka."

"Ufa mkubwa kiasi gani?"

"Mkono wangu umeingia hadi kwenye kiwiko."

Nilimwambia aondoe watu wote kiwanjani, na amtoe Mama Borghild Aune, mwenye miaka 81, ambaye nyumba yake ilikuwa chini kabisa kando ya kijito. Nikapiga simu ya dharura, nikaondoka.

Saa 2:31, nikiwa bado barabarani, alipiga tena. Alisema bibi yupo salama kwenye gari la mafundi bomba. "Ananitukana huyo! Nimemtoa na soksi tupu." Kisha akauliza, "Nikipunguza udongo pale juu, mteremko utatulia?"

Nilijibu, "Kwa hesabu, ndiyo. Mzigo ukipungua, utatulia."

Akasema, "Haya basi," akakata.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ananiuliza hesabu. Nilimpigia mara nne. Akiwa kwenye mashine huwa hasikii simu.

Nilifika langoni saa 2:40. Kijiko cha katapila kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya kilima. Nilipiga honi, nikashuka, nikakimbia huku nikipunga mikono. Nadhani aliniona, kwa sababu kijiko kilisimama hewani. Halafu kilima kikaondoka. Hakukuwa na kishindo kama watu wanavyodhani. Miti ilikwenda ikiwa imesimama wima. Nyumba nyeupe ya Mama Borghild iligeuka nusu, kama mtu anayetazama nyuma, ikafuata. Haikufika dakika moja.

Håvard alipatikana Jumapili, mita mia moja na ishirini chini. Siku hiyohiyo saa 10:00 jioni nilikwenda kwa mkewe, Gerd. Alinimiminia kahawa. Aliniuliza, "Kwa nini alirudi kwenye mashine? Si alikuwa ameshatoka?"

Nilimwambia sijui. Huo ulikuwa uongo, na ndio ulionileta hapa. Mazungumzo yale hakuyasikia mtu mwingine, na aliyekuwa upande wa pili hawezi tena kuyasema.

Haya ndiyo niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoyatamka.

(Sahihi) R. Tveiterås

MAANDISHI YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye amekiri ni yake. Ameomba sahihisho moja: pale nilipokuwa nimeandika "marehemu aliamua mwenyewe kurudi", maneno hayo yafutwe. Yamefutwa, naye ametia sahihi pembeni. Ameomba pia nakala ampelekee mjane. Nimemjibu kwamba kwa sasa sheria hairuhusu. Amesema basi atamweleza kwa mdomo. Ameondoka saa 5:50 asubuhi, kwa miguu, kuelekea nyumbani kwa Skjelbred.

(Sahihi) Inspekta Eldbjørg Haugan